Homoni na macho ya nyani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa biolojia wa Tanga na Muheza, waongoza watalii wa Amani na Saadani, na wakulima wanaoamia mashamba yao kando ya msitu. Hawa hukutana na nyani, kima, mbega na tumbili kila siku, na maswali yao huwa makali kuliko ya kwenye mtihani. Mara nyingi nitamtaja makaki wa rhesus, ndugu wa nyani ambaye huku kwetu hayupo. Kwao ni Asia, kuanzia Afghanistan hadi China, lakini ndiye aliyechunguzwa zaidi maabara, kwa hiyo hatuwezi kumkwepa.

Suala lenyewe ni lipi hasa?

Ukiingia soko la samaki la Deep Sea pale Tanga asubuhi, mbele yako pana vitu chungu nzima: changu, pweza, mabeseni, paka, watu wanaovutana bei. Huvioni vyote. Ugomvi ukizuka pembeni, shingo inageuka kabla hujaamua kuigeuza. Mtoto akilia, hivyo hivyo. Ubongo unachuja, na vitu vyenye hisia ndani yake, kama tishio, hasira, mtoto au mwenza, hupita kwenye chujio mbele ya vingine.

Wanyama wa jamii ya nyani nao wako hivyo. Wanaishi kwa kutazamana: nani amekasirika, nani amekaa na nani, dume yupi anakuja. Watafiti wanauliza kama kiasi cha homoni, yaani kemikali za ujumbe zinazosafiri kwenye damu, hubadilisha kile kinachonasa jicho, na muda ambao jicho linabaki hapo. Jibu fupi ni ndiyo. Ila shika jambo moja mapema: homoni haimwamrishi nyani apigane, akimbie au apende. Inabadilisha uzito wa kile anachokiona. Kitakachofuata kinategemea yeye ni nani, ana cheo gani, yuko na nani, na ni wa spishi ipi.

Mnajuaje nyani ameweka akili wapi? Hawezi kuulizwa.

Hawezi, lakini macho yake yanasema. Njia ya zamani ni kumwonyesha picha au video, kurekodi macho yake kwa kamera, kisha kuhesabu sekunde alizotazama.

Njia ya pili ni ya kitone, na inafaa kuielewa vizuri kwa sababu nusu ya ubishi wa fani hii uko hapo. Mnyama amekaa mbele ya skrini ya kugusa. Kitone kinatokea katikati, anakigusa. Papo hapo zinatokea sura mbili, moja kulia na nyingine kushoto: huku dume aliyeachama kwa hasira, kule dume huyo huyo ametulia. Zinakaa sehemu ndogo ya sekunde, zinafutika, kisha kitone kingine kinatokea mahali ilipokuwa sura mojawapo. Akikigusa anapata tunda au kinywaji kitamu. Kama jicho lilikuwa limeshanaswa na sura ya hasira na kitone kikatokea hapo hapo, mkono unafika haraka. Kikitokea upande wa pili, unachelewa. Tofauti hupimwa kwa milisekunde, na hakuna anayemwambia mnyama atazame sura. Yeye anatafuta kitone tu.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba haitoi jibu moja kila mahali. Mwaka 2016 Mariska Kret na wenzake waliitumia kwa bonobo, ndugu wa karibu wa sokwe, wa bustani ya wanyama ya Apenheul, Uholanzi. Walikuta macho ya bonobo yananaswa na picha za wenzao zenye hisia, hasa za kuelewana, kama kuchambuana manyoya na kujamiiana. Mwaka 2018 Duncan Wilson na Masaki Tomonaga waliitumia kwa sokwe huko Japani kwa sura za vitisho, hawakuona mvuto wowote. Kwa hiyo mtu akikuambia "nyani huvutwa na hasira", muulize ni nani huyo, na alipimwa kwa kipimo gani.

Homoni zinazozungumzwa ni zipi?

Nne ndizo zinazojirudia. Testosteroni hutoka zaidi kwenye korodani, ingawa majike nao wanayo kidogo. Estradioli hutoka kwenye ovari. Kortisoli, homoni ya msongo, hutoka kwenye tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo. Oksitosini hutengenezwa kwenye haipothalamasi, ndani ya ubongo, na kumwagwa kwenye damu kupitia tezi ya pituitari.

Tatu za kwanza ni steroidi. Zinapenya utando wa seli, na kazi yao kubwa ni kuwasha na kuzima jeni, kazi inayoweza kuchukua saa nzima au zaidi kabla matokeo hayajaonekana. Oksitosini ni mnyororo mfupi wa asidi amino tisa, na kwenye damu hudumu dakika chache tu. Hili la muda huwa linasahaulika. Mtu anaona dume amekasirika na kusema "testosteroni imempanda", wakati hasira ya sekunde ile imeendeshwa na neva na adrenalini. Testosteroni ya siku zilizopita ndiyo iliyokuwa imeshaandaa mazingira.

Testosteroni ndiyo inayomfanya dume awe mkali, sivyo?

Hivyo ndivyo inavyoaminika, na imani hiyo ina chanzo cha kweli: kila mfugaji anajua maksai ni mpole kuliko fahali. Lakini kutoka hapo kusema testosteroni ni ubabe ndani ya chupa ni kuruka hatua nyingi.

Moja ya hatua hizo ndiyo mada yetu. Mwaka 2010 maabara ya Agnès Lacreuse, Chuo Kikuu cha Massachusetts kilichoko Amherst, ilichukua madume vijana wachache wa rhesus na kuwazuia kwa dawa wasitengeneze testosteroni yao. Baadhi yao wakarudishiwa homoni hiyo kwa sindano, wengine wakapewa mafuta matupu. Kisha wakaonyeshwa video. Waliorudishiwa testosteroni walitazama kwa muda mrefu zaidi video za makaki wasiowajua wakipigana. Hawakumrukia mtu. Walitazama tu, tena kwa bidii. Wanyama walikuwa wachache, na watafiti wenyewe walikuwa waangalifu: kwenye kichwa cha makala yao waliandika kwamba testosteroni *huenda* inaongeza umakini kwa tishio.

Kwa binadamu, Jack van Honk na wenzake huko Uholanzi walikuwa wameshaona kitu cha jirani mwaka 1999: testosteroni kwenye mate iliendana na jinsi watu wanavyonaswa na sura za hasira.

Porini picha inakamilika zaidi. Martin Muller na Richard Wrangham walifuatilia sokwe wa Kanyawara, kwenye msitu wa Kibale, Uganda. Testosteroni ya madume ilipanda pale majike waliokwisha kuzaa walipokuwa kwenye joto, yaani wakati wa ushindani wenyewe. Kwa hiyo njia ni ya pande mbili. Homoni inaelekeza jicho kwenye ushindani, na ushindani ukionekana unapandisha homoni. Anayetaka kujua kipi kilianza atasubiri sana.

Mwalimu, yule dume mkubwa anayeogopwa na kundi zima, si ndiye anayekula raha?

Wengi wanadhani hivyo, na mimi hulipenda swali hili kwa sababu jibu lake limetoka kwa nyani wa manjano, ndugu wa hawa wa kwetu Saadani na Pangani. Nyani wa Amboseli, kusini mwa Kenya, wamefuatiliwa tangu 1971, mmoja mmoja, kwa majina. Mwaka 2011 Laurence Gesquiere na wenzake walichapisha vipimo vya homoni kwenye kinyesi cha madume vilivyokusanywa kwa miaka tisa. Kwa jumla, kadiri cheo kilivyopanda, homoni za msongo zilishuka. Isipokuwa kwa namba moja. Dume aliyekaa juu kabisa alikuwa na homoni za msongo nyingi kuliko namba mbili wake, akikaribiana na wale wa chini kabisa. Testosteroni yake nayo ilikuwa juu.

Ukimkuta dume wa namna hiyo, mtazame macho. Yanazunguka. Anakula kidogo, anainua kichwa, anaangalia jike anayemlinda, anaangalia dume mwingine aliye umbali wa kurusha jiwe, anarudi kwenye chakula. Susan Alberts, Jeanne Altmann na Michael Wilson walionyesha mwaka 1996, hapo hapo Amboseli, kwamba kumlinda jike humpunguzia dume nafasi ya kula. Kutazama kuna gharama, na namba mbili anayekaa pembeni akitafuna mbegu zake kwa utulivu hailipi.

Na makalio ya nyani jike kuvimba na kuwa mekundu, hiyo nayo ni homoni?

Ndiyo. Watalii huona haya kuuliza, watoto wa shule hawaoni. Estrojeni, kundi la homoni ambalo estradioli imo, hupanda kabla ya yai kutoka na kuifanya ngozi ile ijae maji na kuvimba. Baadaye homoni nyingine ya ovari, projesteroni, inapanda na uvimbe unanywea. Mzunguko mzima wa nyani ni mwezi mmoja na ushei.

Tazama kinachotokea hapo. Homoni za jike zinatengeneza ishara inayoonekana kwa mbali, na homoni za dume zinalifanya jicho lake liitilie uzito ishara hiyo. Tumezoea kuiwaza homoni ndani ya mtazamaji peke yake, lakini ipo pia kwenye kinachotazamwa.

Hofu je? Mnyama mwenye msongo huangalia tishio zaidi au kidogo?

Vyote viwili, kwa zamu, na hapa ndipo wanafunzi hunikunjia uso.

Mnyama anapotishika, haipothalamasi inaiambia pituitari, pituitari inaziambia adrenali, na kortisoli inaingia kwenye damu. Kilele chake huja kama dakika 20 hadi 30 baada ya kisa chenyewe. Mwaka 2012 Emily Bethell na wenzake waliwapima makaki wa rhesus wakati wa aina mbili: baada ya ukaguzi wa afya, jambo ambalo makaki hawalipendi hata kidogo, na baada ya kuwekewa vitu vya kuchezea na kuchangamsha akili. Walionyeshwa sura mbili kwa pamoja, moja ya hasira na nyingine ya kawaida. Baada ya ukaguzi, jicho lilikwenda haraka kwenye sura ya hasira, kisha likakimbia. Baada ya kuchangamshwa, jicho lilibaki kwenye sura ile ile bila wasiwasi.

Kwa hiyo "kutazama kidogo" haina maana ya kutojali. Inaweza kuwa ni kukwepa. Mpimaji anayejumlisha sekunde zote bila kuangalia mpangilio wake atawaweka mwoga na asiyejali kwenye fungu moja.

Oksitosini hiyo ndiyo ile ile ya wodi ya wazazi?

Ndiyo hiyo hiyo. Muuguzi anayemchoma mama sindano ya oksitosini mara mtoto anapotoka ili kuzuia damu isimwagike anatumia homoni hii tunayoizungumzia. Henry Dale aligundua mwaka 1906 kwamba majimaji ya pituitari hukaza mfuko wa uzazi. Mwaka 1953 Vincent du Vigneaud akaitengeneza maabara, na mwaka 1955 akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Kazi yake ubongoni ilichelewa kueleweka. Kwa makaki, majaribio mengi hufanywa kwa kuwavutisha oksitosini kama mvuke au kuipuliza puani. Matokeo yake yanaonekana kupingana, kwa hiyo twende taratibu.

Mwaka 2013 Lisa Parr na wenzake, kwa kutumia njia ya kitone, waliona kwamba oksitosini inapunguza jinsi rhesus wanavyonaswa na sura zenye hisia mbaya. Mwaka huo huo Becket Ebitz, Karli Watson na Michael Platt wakaona inapunguza ile tahadhari ya kila wakati dhidi ya wenzao. Mwaka 2014 Olga Dal Monte na wenzake wakaona inaongeza kutazama *macho* kwenye sura. Mbona huku inapunguza na kule inaongeza?

Ukimjua rhesus, mkanganyiko unapungua. Kwake kumkazia mwenzako macho ni uchokozi, kwa hiyo macho ya mwingine ni mahali pa hatari kwenye uso. Ukimpunguzia woga, anaacha kuishughulikia sura ya hasira kama dharura, na papo hapo anapata nafasi ya kuyaangalia macho bila kuogopa. Hayo ni maelezo ninayoyaona yana mantiki. Yanaungwa mkono na utafiti wa Yaoguang Jiang na Platt wa mwaka 2018: chini ya oksitosini madume wakubwa walilegea na wadogo wakapata ujasiri, mpaka pengo la cheo likapungua.

Basi ni kweli kwamba oksitosini ni homoni ya mapenzi?

Jina hilo limeuza magazeti mengi. Upande wa kweli upo: Catherine Crockford na wenzake walipima mkojo wa sokwe wa msitu wa Budongo, Uganda, na mwaka 2013 wakaripoti kwamba oksitosini ilipanda baada ya kuchambuana manyoya na rafiki wa karibu, awe ndugu wa damu au la. Mwenzake asiye rafiki wa karibu hakuleta mabadiliko hayo.

Lakini mwaka 2017 Liran Samuni, pamoja na Crockford na wengine, waliripoti kutoka msitu wa Taï, Côte d'Ivoire, kwamba oksitosini ya sokwe ilikuwa juu pia kabla na wakati wa makabiliano na kundi jirani. Wanaposhikana kwenda kupambana na jirani, homoni hiyo hiyo ipo kazini. Mapenzi ya namna hiyo majirani hawayafurahii.

Na mwaka 2021 timu ya James Brooks na Shinya Yamamoto huko Japani iliwapa oksitosini bonobo na sokwe, ndugu wawili wa karibu kabisa. Bonobo waliongeza kutazama macho. Sokwe hawakuongeza, walielekea upande wa kupunguza. Dawa moja, spishi mbili, njia mbili.

Ikipulizwa puani inafika ubongoni kweli?

Inafika, kwa makaki angalau. Mwaka 2020 watafiti waliiwekea oksitosini alama ya kuitambua, wakaipulizia puani mwa rhesus, kisha wakaikuta ndani ya ubongo.

Ndani ya ubongo inafanyia kazi wapi?

Sehemu inayotajwa mno ni amigdala, vijifundo viwili vilivyo ndani ya pande mbili za ubongo, karibu na masikio. Umuhimu wa eneo hili ulianza kuonekana miaka ya 1930 huko Chicago, pale Heinrich Klüver na Paul Bucy walipoondoa sehemu kubwa za pande mbili za ubongo wa rhesus, amigdala ikiwemo. Wanyama waliokuwa wakikimbia nyoka wakaanza kuwashika kwa mikono. Testosteroni, estradioli na kortisoli zote zina vipokezi, yaani mahali zinaponasa kwenye seli, kwenye amigdala.

Oksitosini ina habari tofauti kidogo, na kwangu hii ndiyo nzuri kuliko zote. Sara Freeman na wenzake walipochora ramani ya vipokezi vyake kwenye ubongo wa rhesus dume mwaka 2014, walivikuta kwa wingi kwenye sehemu zinazohusika na kuona na kuelekeza umakini, ikiwemo ile inayogeuza macho kuelekea kitu kilichotokea ghafla. Ukiiweka ramani hiyo kando ya majaribio ya macho niliyoyataja juu, unaelewa kwa nini homoni ya uzazi iligeuka kuwa homoni ya kutazama.

Tumbili akiona nyoka anapiga kelele. Hiyo nayo ni homoni?

Kelele yenyewe hapana, ni ya haraka mno. Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walionyesha mwaka 1980, Amboseli, kwamba tumbili wana mlio mmoja wa chui, mwingine wa tai, mwingine wa nyoka, na wasikiao hufanya jambo tofauti kwa kila mlio. Homoni huja nyuma yake: kundi hubaki na macho makali kwa muda baada ya nyoka kuondoka, na hapo huenda kortisoli ina sehemu yake.

Cheo kina nguvu kuliko homoni?

Havitenganishwi kirahisi. Mwaka 2005 Robert Deaner, Amit Khera na Michael Platt, wakiwa Chuo Kikuu cha Duke, waliwapa madume wa rhesus uchaguzi: juisi zaidi, au juisi kidogo pamoja na picha. Madume walikubali kupunjwa juisi ili waone sura za madume wenye cheo, na pia sehemu za nyuma za majike. Kwa sura za madume wa chini, ilibidi waongezewe juisi ndipo watazame. Mwaka uliofuata Platt na wenzake wakaonyesha kwamba dume wa chini hufuata macho ya yeyote, lakini dume wa juu hufuata macho ya wakubwa wenzake tu.

Ukikaa kwenye mkutano wowote wa kijiji utaona tabia hii bila kulipia maabara.

Homoni hupimwaje porini bila kumkamata mnyama?

Kwa kinyesi na mkojo. Kumkamata ili umtoe damu kunaharibu kipimo, maana kortisoli huanza kupanda ndani ya dakika chache tu za purukushani, na utakachopima ni hofu uliyomtia wewe mwenyewe.

Kinyesi kinahitaji subira. Mtafiti anamfuata nyani anayemjua kwa sura, anasubiri, anachukua kabla nzi na mende hawajafika, anakikoroga, anakiweka kwenye alkoholi. Homoni zilizomo zinaeleza habari za saa nyingi zilizopita, kwa nyani takriban za jana. Mkojo wa sokwe hunyonywa kwa bomba dogo kutoka kwenye majani, nao unaeleza habari za karibuni zaidi. Ndiyo maana oksitosini isiyodumu hupimwa kwenye mkojo. Na saa iandikwe, kwa sababu kortisoli huwa juu asubuhi na hushuka kuelekea jioni hata kwa mnyama ambaye hajaguswa na lolote.

Haya yote yanawahusu kima na mbega wa Amani?

Kwa misingi, ndiyo. Tezi ni zile zile, na steroidi ni zile zile. Kwa undani, usikimbilie. Mfano wa bonobo na sokwe umeshauona. Hata oksitosini yenyewe haifanani kote: kwa marmoseti, kima wadogo wa Brazili, asidi amino ya nane imebadilika. Halafu kima anaishi kwa namna yake, dume mmoja na majike wengi, wakati nyani wana madume wengi kwenye kundi moja. Komba anatembea usiku na hutegemea harufu na sauti kuliko sura. Kumwonyesha komba picha ya komba aliyekasirika ni kumpotezea muda.

Amani imekuwa kituo cha utafiti tangu Wajerumani walipoanzisha taasisi yao mwaka 1902, na msitu ukawa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Lakini usiingie na chupa zako za kinyesi kimya kimya. Utafiti wa wanyamapori unahitaji kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori). Kukaa na darubini na daftari, ukaandika nani anamtazama nani na kwa muda gani, ni zoezi zuri la mwanafunzi, na mhifadhi hatakusumbua ukimwambia mapema.

Wakulima wa Muheza wanasema nyani hawawaogopi wanawake na watoto. Wananusa homoni?

Hawahitaji kunusa. Nyani hujifunza nani hurusha jiwe likafika, nani ana mbwa, nani ana panga, na nani ataishia kupiga kelele. Kwenye shamba la mahindi au la machungwa wanaangalia umbo, mwendo na alichoshika mtu. Mama anayeamia akiwa na mbwa wawili wakali huheshimiwa haraka sana.

Nyani akinikazia macho, nifanye nini?

Usimkazie na wewe. Akiinua nyusi, kope zake nyeupe zitamweka, masikio yatalala nyuma, na huenda akapiga miayo mirefu kuonyesha magego na meno ya chonge. Hana usingizi, anakuonya. Tazama pembeni, rudi nyuma polepole bila kukimbia, na kama una chakula mkononi kifiche au kiache. Ukiwa ndani ya gari pandisha vioo. Na wanaowatupia ndizi ili wapige picha wanawafundisha kuwa mkono wa binadamu ni kitu cha kutazamwa kwa hamu. Anayefuata kwa miguu ndiye atakayelipia.

Nimeona oksitosini ya kupuliza puani inauzwa mtandaoni. Nimnunulie mume wangu?

Hapana, dada. Kilichomo kwenye chupa hukijui, na oksitosini halisi hutunzwa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8, kwa hiyo iliyosafirishwa kwenye mfuko wa basi hadi Tanga imeshachoka njiani. Majaribio mengi ya oksitosini uliyoyasoma hapa yalipima sekunde za kutazama picha, milisekunde za kugusa kitone, au mkojo wa sokwe. Hakuna lililopima mume anayechelewa kurudi. Na kama una mimba usiicheze kabisa pasipo daktari, kwa sababu kukaza mfuko wa uzazi ndiyo kazi yake iliyojulikana kwanza, tangu mwaka ule wa 1906.